Kesi ilifutwa, "hapana" yangu haikufutika

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia: "Shikamoo dada. Nina kesi ndogo ya zamani hapa Marekani, mahakama ilishaifuta. Kwenye fomu ya uraia nikijaza hapana, kuna ubaya gani?" Nilianza kumjibu nikafuta, nikaanza tena nikafuta. Swali hilo nililijibu mwenyewe mwaka 2018, na jibu langu likanila miaka sita.

Nianze na aibu yenyewe. Machi 2013, grini kadi yangu, ile kadi ya ukaazi wa kudumu, haijatimiza hata miaka miwili, nabeba boksi zamu ya usiku. Asubuhi moja natoka kazini nikapita dukani. Kwenye zile mashine za kujilipia mwenyewe nikapitisha sabuni, nikapitisha maziwa, na pafyumu ndogo nikaitumbukiza kwenye mkoba. Sikuwa na njaa, sikuwa na mtoto mgonjwa. Ilikuwa tamaa tu, na nasema hivyo kwa sababu nimechoka kusikia watu wakiyaremba makosa yao. Mlinzi alinidaka mlangoni. Polisi wakaja, nikachukuliwa alama za vidole, jioni nikaachiwa. Mahakamani nililipa faini, nikatumikia saa za kazi za jamii, na muda ulipokwisha kesi ikafutwa. Wakili niliyepewa na mahakama akanipa mkono: "Umemaliza. Huna rekodi."

Nilimwamini, maana ndicho nilichotaka kusikia.

Mwaka 2018 nikakaa na fomu ya N-400, ile ya kuombea uraia, ada ya dola 725 iko tayari. Nikafika kwenye lile swali: umewahi kukamatwa, kupewa hati ya kosa au kuzuiliwa na polisi? Nikauliza wenzangu. Wote, tena watu wazima wenye uraia wao mfukoni, wakaniambia jambo moja: usijichongee. Nikajaza hapana.

Siku ya mahojiano, Juni 2019, afisa alikuwa mama wa makamo, mpole kabisa. Akaniapisha, kisha akaanza kuipitia fomu yangu swali kwa swali, kila nikijibu anaweka alama ya vema kwa kalamu nyekundu. Vema, vema, vema. Tulipofika kwenye kukamatwa nikasema hapana. Kalamu ikasimama hewani.

"Una uhakika?"

Jamani, yule mama alikuwa ananirushia kamba. Leo naliona hilo wazi kama jua. Nikasema, "Nina uhakika." Akafunua faili, akanigeuzia karatasi: tarehe, kaunti, wizi mdogo.

Barua ya kukataliwa ilikuja baadaye. Kilichoniuma hadi leo ni kwamba hawakuninyima kwa sababu ya pafyumu. Kwa kawaida wanapima mwenendo wako wa miaka mitano kabla ya ombi (mitatu kwa wanaoomba kupitia ndoa na raia), na wizi wangu ulikuwa umeshavuka miaka hiyo. Wanaweza kuangalia nyuma zaidi, ndiyo, lakini kesi moja ndogo ya zamani hivyo, ikiwa na karatasi zake, ingejadilika. Kilichoniangusha ni uongo niliousema nimekula kiapo. Huo ulikuwa mpya kabisa, wa siku ileile, na kwa sheria yao peke yake unatosha kukuondolea sifa ya mwenendo mwema. Saa yangu ikaanza kuhesabu upya.

Nilikwenda kwa wakili wa uhamiaji, ambaye nilipaswa kumwona kabla. Akanifungulia maelekezo ya fomu ileile niliyoijaza. Yanasema utaje kila tukio, hata kama rekodi imefutwa au kufungwa, hata kama hakimu, polisi au wakili amekwambia huna tena rekodi. Yaani maneno ya yule wakili wangu wa kwanza yalikuwa yamejibiwa mle ndani kabla hajayatamka! Mahakama ya kaunti inafuta chake. Alama za vidole zilishafika FBI siku nyingi.

Miaka mitano iliyofuata sina cha kusimulia. Nilifanya kazi, nikalipa kodi, nikanyamaza.

Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, nisikilize kama mdogo wangu. Usimuulize mjomba, usimuulize kundi la WhatsApp. Wakili wa jinai na wakili wa uhamiaji ni watu wawili tofauti. Mtafute wa pili, na umwone kabla hujatuma kitu, kwa sababu ombi la uraia linafukua faili lako lote, na kuna makosa yanayoweza kukupeleka kwenye kesi ya kufukuzwa nchini badala ya kwenye kiapo. Usijipime mwenyewe kwa kusema "kwangu ni kadogo". Bangi, kwa mfano, jimbo lako linaweza kuiruhusu lakini sheria ya shirikisho bado inaikataza, na uraia unatolewa na shirikisho. Kama bado unatumikia kifungo cha nje, subiri kiishe, hawatakupitisha. Nenda mahakamani ukaombe nakala ya hukumu yenye muhuri. Kama faili limeshaharibiwa, karani akuandikie barua ya kusema hivyo. Halafu jaza ndiyo. Watu wetu tunapenda kujificha nyuma ya "waliniambia". Mkono ulioshika kalamu ulikuwa wangu, na utakuwa wako.

Niliomba tena Julai 2024, mtandaoni, dola 710, nakala yenye muhuri nimeiambatanisha. Safari hii afisa alipouliza nilisema: "Ndiyo, mara moja. Na niliwahi kuikana katika chumba kama hiki." Alinihoji kweli kweli, sikatai. Maswali ya uraia nilipata sita ya kwanza mfululizo, akasema inatosha.

Barua ya kuitwa kwenye kiapo ina maswali yake ya kujaza asubuhi ya siku hiyo, na mojawapo linauliza kama tangu mahojiano umekamatwa au umetozwa faini, hata ya barabarani. Siku nne kabla nilikuwa nimeandikiwa kwa mwendo kasi. Mume wangu akasema, "Mama, leo? Kwa ajili ya hako kafaini?" Nikajaza ndiyo, nikabana risiti nyuma. Mlangoni kijana wa mezani aliisoma, akasoma na risiti, akaniomba grini kadi yangu akaitia kwenye boksi pamoja na za wenzangu, akanionyesha kiti.