Kumlipa mtoto aoshe vyombo: kwangu tunatumia vizibo vya soda

Mtoa mada umeuliza kama ni sawa kumpa mtoto mia tano kila anapoosha vyombo, maana dada wa kazi ameondoka na hao watatu wako, mkubwa akiwa na miaka 12, hawanyanyui hata kijiko mpaka ufoke. Mimi nina wanne, niko Mwanza, na zawadi natoa. Ila hela kwa kila kazi, hapana.

Kwangu kuna kazi zako mwenyewe: kutandika kitanda, kufua soksi za shule, kuondoa sahani yako ukishakula. Hizo hazina malipo, kama nami nisivyolipwa kuwapikia. Halafu kuna kazi za nyumba: vyombo vya usiku, kudeki, kufagia uwanja, kujaza madumu siku maji yakitoka. Hizo ndizo zenye zawadi.

Kila mtoto ana kopo lake tupu la majarini. Akimaliza kazi anatia kizibo cha soda, na Jumamosi jioni tunamwaga mezani tunahesabu, kelele kama mnada. Vizibo 10, unachagua chakula cha Jumapili (sato wa kukaanga amechaguliwa mpaka nimemchoka). Vizibo 15, rimoti ni yako jioni nzima na hakuna wa kukunyang'anya. Ukifika 30, rafiki yako anakuja kulala kwetu.

Kizibo hakitoki bila ukaguzi. Sufuria la ugali nalipitishia kidole ndani, kisha naligeuza, kwa sababu watoto huosha ndani wakasahau kitako. Lakini kwanza nilimwonyesha kila mmoja: loweka kwa maji ya moto, kula kwanza, ukirudi ukoko unabanduka wenyewe. Mtoto anayekwangua ukoko mkavu atachukia vyombo hata umlipe elfu kumi.

Kingine, kizibo kilichoingia koponi hakitoki. Akinijibu vibaya ataadhibiwa, lakini jasho lake siligusi.

Sasa hofu yako, kwamba atazoea kulipwa. Ni ya kweli. Wa tatu wangu nilimwomba maji ya kunywa akaniuliza, "Mama, hayo yana kizibo?" Wenzake walicheka, mimi sikucheka. Sheria ikatoka palepale: ukiuliza bei kabla ya kazi, kazi hiyo ni ya bure. Hajauliza tena.

Mwaka 1973 kuna watafiti wa Marekani, Mark Lepper na wenzake, waliwapa watoto wa chekechea kalamu za rangi. Walioahidiwa cheti kabla ya kuchora, baadaye walipoachiwa kalamu bila ahadi yoyote, walichora kwa muda wa karibu nusu tu ya wenzao. Waliopewa cheti bila kutegemea hawakupoa. Watu hulitaja jambo hili kukataa zawadi zote, ila wanaruka kitu kimoja: wale watoto walikuwa wanapenda kuchora tangu mwanzo. Nani anapenda kudeki? Ninachoepuka mimi ni kulipia kile mtoto anachokipenda. Kitinda mimba wangu anapenda kusukuma chapati. Zinatoka na umbo la ramani ya Afrika, lakini anapenda. Hapo kizibo hakigusi.

Na kama una wa kiume, naye aingie zamu. Bibi yao upande wa baba akija akamkuta mjukuu wake kwenye karai la vyombo, huuliza huyu ataoa au ataolewa. Namwamkia vizuri, namwekea chai, na kijana anaendelea kuosha.

Huyo wako wa miaka 12 vizibo atavicheka, nakwambia mapema. Mwite pembeni mkubaliane kitu chake. Wangu alipofika umri huo alitaka Jumamosi usiku aachwe aangalie mpira mpaka filimbi ya mwisho. Nikamwambia sawa, jiko likiwa safi kabla mechi haijaanza. Sasa yuko sekondari, kopo lake alishampa mdogo wake, na zamu anashika kama kawaida.

Ila usianze na kazi zote kwa mpigo. Anza na vyombo vya usiku peke yake, vikikaa sawa ndipo uongeze kudeki.