Vidole vya Idi: barua kwa mwanangu

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Juma,

Assalaam alaykum. Ujumbe wako nimeusoma. Unasema mwanao Idi alitoka kwenye beseni la kuogea, akakuonyesha vidole vyake na kukuuliza mbona vimezeeka. Ukamwambia ngozi imekunywa maji ikavimba. Naye akakurudishia: tumbo nalo lilikuwa majini, mbona halikuzeeka? Hapo ukakwama, ukaamua umuulize mama yako aliyekuwa muuguzi. Huyo mume wangu ana akili sana, msimnyamazishe.

Jibu ulilompa ndilo watu wengi wanalolijua, na lina ukweli kidogo, kwa sababu ngozi ya juu kweli hunyonya maji. Ila ingekuwa ni maji tu, vidole vya mtu aliyekatika neva, yaani mshipa wa fahamu, navyo vingekunjamana, na havikunjamani. Jambo hilo madaktari wawili wa Uingereza, Thomas Lewis na George Pickering, waliliandika mwaka 1936. Mkononi ipo neva inayopita katikati ya kifundo cha mkono, inahudumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete. Neva hiyo ikifa, vidole hivyo hubaki laini hata ukivilowesha, na kidole cha mwisho, chenye neva yake nyingine, kinakunjamana kama kawaida. Mkono mmoja, maji yale yale!

Kumbe ni mwili wenyewe unaoamua. Maji hupenya kwenye vitundu vya jasho, ambavyo viganjani na kwenye nyayo vimesongamana mno. Neva zikipata habari, mishipa midogo ya damu ya kwenye ncha za vidole hubana bila wewe kutaka wala kujua. Damu ikipungua, nyama ya ndani hunywea, lakini ngozi ya juu haipungui, kwa hiyo haina budi kujikunja. Ni kama mto uliotolewa sufi ukaachiwa foronya ile ile. Mwambie Idi basi kwamba kidole chake hakikuvimba, kilisinyaa. Tumbo lake halina ngozi ya namna hiyo, ile nene isiyo na nywele. Nyayo zake zinayo, amezitazama?

Faida yake nini? Hapo wataalamu wamevutana. Mwaka 2013 watafiti wa Newcastle, Uingereza, waliwapa watu kazi ya kuhamisha vitu vidogo, gololi zikiwemo. Vilipokuwa majini, wenye vidole vilivyokunjamana walivihamisha haraka zaidi. Vilipokuwa vikavu, hapakuwa na tofauti. Mwaka uliofuata wenzao wa Ujerumani walirudia jaribio hilo wasione faida yoyote. Kisha mwaka 2021 likatoka jaribio lililofanyika kwenye jumba la makumbusho jijini London, na watu mamia wakashiriki: kidole kilicholowa kikakunjamana kilihitaji nguvu ndogo kushikilia kitu kuliko kilicholowa kikabaki laini. Mimi nawaunga mkono wanaosema inasaidia. Kina mama wa Kibirizi wanaopokea samaki alfajiri, mikono ikiwa majini tangu giza, wanajua mgebuka unavyoteleza.

Lakini kilichonifanya nikuandikie kwa kirefu ni hiki. Mikunjo hiyo ni kipimo cha neva hospitalini. Daktari wa upasuaji O'Riain wa Ireland alikieleza mwaka 1973: mkono unatiwa kwenye maji ya uvuguvugu kwa nusu saa, kisha unatazamwa. Mtoto mdogo aliyejikata na chupa hawezi kukueleza kama ganzi ipo au haipo, analia tu. Vidole vyake vinaeleza. Hata ukoma, ambao bado upo nchini kwetu, hula neva polepole, mara nyingi bila maumivu. Kwa hiyo ukiona mtu ambaye baadhi ya vidole vyake vinabaki laini kila anapofua, au ana baka lisilohisi kitu, mhimize aende hospitali mapema. Dawa za ukoma hutolewa bure, na anayewahi anaokoa vidole vyake. Hili usilipitie juu juu, baba.

  

Ukipata nafasi mfanyie Idi na jaribio hili. Mwache aloweke mkono nusu saa kwenye maji ya vuguvugu, umpige picha ncha za vidole. Kesho yake mrudie vivyo hivyo. Watafiti wa chuo kikuu cha Binghamton, Marekani, walionyesha mwaka 2025 kwamba mikunjo hurudi ikiwa na michoro ile ile, kwa kuwa mishipa ya damu iliyo chini yake haihami sana. Aitafute mistari inayofanana yeye mwenyewe, usimsaidie. Picha zote mbili nitumie, nami nizitazame.

Baba yako anakusalimu, anauliza dagaa mlizipata?

Mama yako