Mfuko wa chakula umepunguzwa: nile nini, kiasi gani, kwa siku?

Barua za safari hii karibu zote zimetoka kwa watu waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito. Wapo waliokatwa sehemu kubwa ya mfuko wa chakula, ukabaki mwembamba kama ndizi. Wapo waliofanyiwa baipasi, ambapo daktari hutengeneza kifuko kidogo na kukiunga na utumbo mdogo kwa chini zaidi. Nafasi ya chakula imepungua sana, lakini misuli, damu na mifupa vinadai haki yao vilevile. Ndiyo maana nawaomba mjue malengo yenu ya siku kwa namba.

Shikamoo mama. Nimemaliza wiki ya nane tangu nikatwe mfuko wa chakula. Nimeambiwa nile gramu 60 za protini kwa siku. Nakunywa uji asubuhi na jioni, mchana ugali kidogo na mchuzi. Gramu 60 ndiyo kiasi gani? (Tabata, Dar es Salaam)

Marahaba mwanangu. Kwanza, gramu 60 si uzito wa chakula sahanini. Ni protini iliyomo ndani yake. Wengi huelekezwa kati ya gramu 60 na 80 kwa siku, na kwa chakula ulichokitaja huwezi kufika hata nusu. Kikombe cha uji mtupu wa mahindi kina gramu mbili hivi, na mchuzi bila nyama ni ladha tu.

Tuhesabu kwa vyakula vya sokoni kwako. Yai moja lina gramu 6. Kikombe cha maziwa au mtindi, 8. Ukikoroga vijiko viwili vya maziwa ya unga ndani ya kikombe cha maziwa, unapata kama 12. Kipande cha samaki aliyeiva chenye uzito wa gramu 60 kina 13 hivi. Nusu kikombe cha maharage au choroko zilizoiva, 7. Dagaa wakavu ndio hazina tunayoidharau, kwani zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini, kwa hiyo gramu 20 tu za dagaa zinakupa kama 10.

Sasa gawanya siku. Yai la kuchemsha asubuhi, mtindi saa nne, samaki mchana, maziwa yaliyoongezwa unga saa kumi, dagaa na choroko jioni, yai jingine kabla ya kulala. Hapo una gramu 62. Usitarajie kufika leo. Ongeza kidogo kidogo kila wiki, na kama chakula kigumu bado kinakukaba, saga au ponda. Wengine husaidiwa na unga wa protini wa dukani. Ni sawa, ila soma kibandiko uone una sukari kiasi gani.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni mpangilio wa matonge. Anza na samaki, yai, nyama au maharage. Mboga zifuate. Ugali, wali au chapati vije mwisho, tena nafasi ikibaki. Ukianza na ugali utashiba kabla hujafika kwenye kitoweo, na hapo mwili utaanza kula misuli yako mwenyewe. Mizani itashuka utafurahi, kumbe unachopoteza si mafuta peke yake.

Maji lita moja na nusu yananishinda. Nikinywa na chakula naona chakula kinapanda. (Nakuru)

Usinywe na chakula. Maliza kula, subiri nusu saa, ndipo uanze maji, kwa mafunda madogo siku nzima. Tembea na chupa na usiingoje kiu. Chai ya rangi isiyo na sukari na supu nyepesi vinahesabiwa, ila supu ya mifupa isikudanganye: protini yake ni kidogo kuliko watu wanavyoamini. Soda iache, hata ile isiyo na sukari, kwa sababu gesi inajaza na kuuma. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai, maji hayatoshi.

Dada, nilifanyiwa baipasi, sasa ni mwaka wa pili. Najisikia mzima kabisa. Vidonge ni ghali, naweza kuviacha? (Mwanza)

Hapana, ndugu yangu, na hapa sitalegeza hata kidogo. Vidonge hivi vya vitamini na madini ni vya maisha. Baipasi imeruka sehemu ya utumbo inayofyonza madini ya chuma na kalsiamu kwa wingi, na hakuna chakula kitakachoirudisha. Kujisikia mzima si kipimo, maana ini huhifadhi vitamini B12 ya miaka kadhaa. Unaweza kuishi kwa akiba hiyo bila dalili, kisha ganzi ya miguu, usahaulifu na upungufu wa damu vikaja pamoja. Neva zikishaharibika, si kila mara zinapona.

Viwango vya kawaida kwa mtu mzima ni hivi: multivitamini yenye madini kila siku, kalsiamu miligramu 1,200 hadi 1,500, vitamini D yuniti 3,000, na B12 ama kidonge cha kila siku ama sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi. Madini ya chuma ni miligramu 45 hadi 60 kwa mwanamke anayepata hedhi na kwa aliyefanyiwa baipasi. Daktari wako anaweza kupandisha au kushusha kulingana na vipimo vya damu, ambavyo baada ya mwaka wa kwanza unapaswa kuvifanya angalau mara moja kila mwaka.

Namna ya kumeza ina uzito wake. Mwili haufyonzi vizuri zaidi ya miligramu 500 au 600 za kalsiamu kwa mpigo, kwa hiyo igawe mara mbili au tatu. Omba ile ya sitreti, ambayo haihitaji tindikali nyingi ya tumbo. Kalsiamu na madini ya chuma vinagombana, hivyo vitenganishe kwa saa mbili. Chai nayo huzuia chuma kufyonzwa, na sisi tunapenda kumeza dawa kwa chai ya asubuhi! Meza chuma kwa maji, pamoja na chungwa au limao, chai isubiri. Kama bei ndiyo kikwazo, mwambie daktari waziwazi. Sindano ya B12 mara nyingi huwa nafuu kuliko vidonge vya kuagizwa nje.

Mke wangu anatapika kila siku kwa wiki ya tatu sasa baada ya upasuaji. Anasema miguu inamchoma na anaona mbili mbili. Ni kawaida? (Morogoro)

Si kawaida. Acha kusoma, mpeleke hospitali leo. Kutapika mfululizo humaliza vitamini B1, yaani thiamini, ambayo akiba yake mwilini haizidi wiki chache, na ikiisha ubongo unaweza kudhurika moja kwa moja. Waambie wahudumu kwamba amefanyiwa upasuaji wa tumbo na ametapika wiki tatu, na uwaombe wampe thiamini kabla ya dripu ya sukari.

Assalaam alaykum. Nina miezi saba tangu baipasi. Nikila tende tatu na uji wa sukari, moyo unanienda mbio, natoka jasho, naharisha. Je, Ramadhani nitaweza kufunga? (Mombasa)

Waalaykum salaam. Sukari inashuka kwenye utumbo kwa kasi, inavuta maji, na mwili unashtuka. Wengine hupatwa tena saa moja hadi tatu baadaye, safari hii kwa sababu sukari ya damu imeporomoka. Dawa yake ni kupunguza vitamu, kula taratibu, na kuanza na protini.

Kuhusu saumu, mwaka wa kwanza siipendekezi. Lita moja na nusu ya maji na gramu 60 za protini haziingii kirahisi kati ya magharibi na alfajiri kwa mtu mwenye kifuko kidogo, na mgonjwa ameruhusiwa kulipa baadaye. Zungumza na daktari wako, kisha na sheikh wako. Utakapofika wakati wa kufunga, futuru kwa maji na tende moja, ukasali, kisha samaki au kuku kabla ya kitu kingine chochote. Viazi vya nazi na kaimati vitakujaribu sana. Daku usiiache kamwe.

Nywele zinakatika mpaka naogopa kuchana. Ni mwezi wa nne. (Arusha)

Kati ya mwezi wa tatu na wa sita hutokea kwa wengi, kwa mshtuko wa kupungua haraka, na hurudi. Hakikisha protini na chuma vinatosha. Zikiendelea kukatika baada ya mwaka, pima damu.

Mama mkwe ananipakulia sahani iliyojaa na kununa nisipomaliza. (Tanga)

Anayekupakulia anakupenda. Mwombe mumeo azungumze naye, si wewe. Wakati huohuo omba sahani ya kikombe, jipakulie kitoweo mwenyewe, tafuna mpaka kilainike kabisa, na acha mara tu unapohisi kifua kinabana. Tonge moja la kumridhisha mtu linaweza kukutapisha.

Tunataka mtoto. Tuanze lini? (Kampala)

Subirini miezi 12 hadi 18, uzito utulie. Uzazi mara nyingi huamka mapema kuliko mnavyodhani, na vidonge vya kupanga uzazi havitegemewi baada ya baipasi, kwa hiyo ulizeni kuhusu kitanzi au kipandikizi. Kabla ya kukitoa, pima damu, anza foliki asidi, na upeleke kliniki vidonge vyako vyote ndani ya mfuko mmoja: vitamini A aina ya retinoli ikizidi humdhuru mtoto tumboni, na inaweza kulazimu kubadilishwa.