Kuchelewesha Magharibi njiani kwenye mvua

Waalaykumu salaam ndugu yangu. Umeuliza kama ulikosea kuichelewesha Magharibi ukitoka Musoma kuja Mwanza, mvua imezidi wipa. Hukukosea, maadamu ulinuia kuikusanya na Isha, yaani kuziswali pamoja wakati wa Isha, kabla wakati wa Magharibi haujatoka. Kwa sisi Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imamu Shafii, safari ndefu hivyo inaruhusu: Magharibi rakaa 3 kamili, Isha unaipunguza kuwa 2. Ila siku nyingine usingoje kufika nyumbani, maana ukishaingia mjini kwako ruhusa imekwisha. Simama Magu, kabla hujafika Mwanza, hata pale sheli, tandika mswala uswali.

Na hiyo hofu iliyokuingia njiani, unayoionea aibu! Nabii Musa naye aliingiwa na hofu moyoni, imo Suratu Twaha. Mimi, taa za lori zikinipofusha, nilishika dua ya Nabii Yunus, "Laa ilaaha illa Anta", usukani umelowa jasho, mpaka nikaziona taa za Igoma, pale unapoingia Mwanza.