Herufi nne kwenye doti ya kanga

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: "Umewahi kukutana na maandishi au maneno ya siri? Yalikuwa na kazi gani?" Nimekutana nayo dukani, mjini Lindi, miaka ya tisini, nikiwa kijana wa kufagia, kupanga mali na kumfuatia mzee mwenye duka chai ya saa nne.

Kila doti ya kanga ilikuwa na kikaratasi kilichobanwa kwa pini, na juu yake herufi nne. UAII. PNII. UODI. Mteja akiuliza bei, mzee alikitupia jicho kikaratasi kwanza, kisha akataja. Hata waliozoea kuvutana bei hawakumweza, kwa sababu yeye alijua doti ile aliinunua kwa shilingi ngapi na wapi pa kugoma, nao hawakujua. Sioni udanganyifu hapo. Mfanyabiashara halazimiki kumfunulia mteja mtaji wake.

Nilianza kuzisoma herufi zile kwa sababu ya I. Hakuna kikaratasi kilichoikosa mwishoni, na vingi vilikuwa nazo mbili. Bei huishia sifuri, basi I ni sifuri. Mwanzoni palikuwa na U au P tu, na kanga wakati ule mzee alizinunua kwa elfu moja na kitu au elfu mbili na kitu. U moja, P mbili. Siku moja akamwachia shemeji yake doti ya PNII kwa bei ileile aliyonunulia yeye, shilingi 2,400, nikaipata N: nne. D niliiona mara nyingi imetangulia I ya mwisho, nikaipa tano, maana bei isiyoishia mia huishia hamsini. Nikaandika mchangani nyuma ya duka: U, P, nafasi tupu, N, D.

Sikuhitaji kuendelea. Upendo. Herufi zilizobaki kwenye vikaratasi zilikuwa S, A na F, na ya kumi ni I ninayoijua tayari. Upendo safi: herufi kumi, hata moja haijirudii, kuanzia moja hadi sifuri.

Miaka mingi baadaye nikajua kwamba njia ile ina mwenyewe. Karne ya 9, mjini Baghdad, mwanazuoni al-Kindi aliandika risala ya kufumbua maandishi ya siri. Alieleza kwamba katika kila lugha zipo herufi zinazojitokeza sana na zipo za nadra. Katika Kiarabu alifu na lamu ziko mbele. Hesabu alama za barua iliyofichwa, utazame ipi imezidi, na uilinganishe na herufi iliyozidi katika lugha yenyewe. Kwa Kiswahili ungeanza na A. Fungua ukurasa wowote wa gazeti hili uhesabu. Kabla yake watu waliridhika na mbinu kama ya Julius Caesar, ya kuisogeza kila herufi nafasi tatu mbele. Kwa alfabeti yetu ya leo LINDI inakuwa OLQGL, na inapendeza kuitazama, lakini zile I mbili zimegeuka L mbili na bado zinaonana.

Nilimwambia mzee. Nilikaa nalo siku mbili nikiona nimemwibia, kisha asubuhi baada ya shikamoo nikasema, "Mzee, upendo safi." Alinyamaza kitambo. Hakunifukuza. Aliniuliza nimejuaje, nikamwonyesha zile I. Jioni tukafunga mlango tukaandika vikaratasi upya, na sifuri akaipa herufi tatu za kubadilishana: I, K na M. Doti ya 1,800 leo ikawa UAKM, kesho UAIK. Mzee hakuwa amesikia habari za al-Kindi, wala za makatibu wa wafalme wa Ulaya ambao karne nyingi nyuma waliitibu dosari ileile kwa dawa ileile, herufi moja kupewa alama kadhaa.

Dawa hiyo haitoshi kila mara. Malkia Mary wa Scotland, akiwa mfungwa Uingereza, alitumia alama nyingi, nyingine za neno zima na nyingine zisizo na maana yoyote. Barua zake zilifichwa kwenye mapipa ya bia. Zilikamatwa zote, Thomas Phelippes, mfumbuzi wa serikali ya Malkia Elizabeth wa Uingereza, akazifumbua, na ushahidi huo wa mwaka 1586, wa njama dhidi ya Elizabeth, ukamfikisha Mary kwenye kukatwa kichwa Februari 1587.

Karibu na kwetu kuna Kilindini, Mombasa. Mwaka 1942, Japani ilipokwisha kuishambulia Colombo, katika Sri Lanka ya leo, Waingereza waliwahamishia Kilindini kutoka huko watu wao wa kusikiliza na kufumbua mawasiliano ya Wajapani, wakawaweka katika shule ya Allidina Visram. Septemba mwaka huo Wajapani walifanya kosa katika msimbo wa meli zao za biashara, ulioitwa JN-40. Kosa hilo lilitosha. Kufika Novemba ujumbe wa meli hizo ulikuwa unasomwa kadiri ulivyoingia. Hata leo naona ajabu kwamba kazi hiyo ilifanyika kwenye pwani hiihii yetu, na shuleni hatukuisikia kabisa.

Lakini siri ninayoiheshimu kuliko zote haikuandikwa popote. Katika milima ya Matumbi, wilayani Kilwa, kabla ya Vita vya Majimaji, habari za Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na maji yake zilienea kwa mnong'ono ulioitwa njwiywila. Mtu alimwambia mtu, naye akamwambia mwingine. Hapakuwa na barua ya kukamata wala alama za kuhesabu, na al-Kindi mwenyewe asingekuwa na pa kuanzia. Julai 1905 watu wa Nandete waliingia shambani wakang'oa pamba, na kitendo hicho kikawa tangazo la vita. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, ila moto ulikuwa umeshashika. Walioubeba mnong'ono ule walijua wamebeba roho za watu.

Kwa nini haya yananishughulisha leo, hapa Mtwara ninapoishi? Shangazi yangu yuko Newala. Namba ya siri ya pesa zake za simu ilikuwa mwaka aliozaliwa, ambao umo kwenye kitambulisho anachokitoa kila anapotoa pesa. Na kwa kuwa macho yanamsumbua, alikuwa akimpa kijana wa kibandani simu na kumtajia namba kwa sauti, watu wamepanga foleni nyuma yake. Msimu mmoja, malipo ya korosho yakaingia asubuhi, jioni hayapo. Alilia kwenye simu kama mtoto, na mimi niliumia kwa sababu jambo hili nililijua tangu ujana wangu na sikuwahi kumfundisha.

Nilipanda basi nikaenda. Nikamweleza upendo safi, nikamwomba atafute maneno yake mwenyewe, herufi kumi zisizojirudia. Kisha achague neno fupi la herufi nne zinazotoka humohumo, lakini siyo jina la mtoto wala la mume, na azigeuze tarakimu. Hivyo hatakuwa na namba ya kusahau, atakuwa na neno. Alitumia jioni tatu, akibangua korosho na kuhesabu herufi kwa vidole, anakwama kwenye A iliyojirudia, anaanza upya.

Siku ya nne tulikwenda pamoja kibandani. Alivaa miwani, akawapa mgongo waliokuwa kwenye foleni, akabonyeza mwenyewe taratibu, midomo ikimcheza. Maneno yake hajanitajia, nami sijamuuliza.

Msomaji wenu,
Mtwara