Matairi ya A/T kwa pikapu: soma ubavuni kabla ya kutazama kashata

Msomaji mmoja ameniandikia wiki hii. Ana Hilux dabo kebini inayovaa 265/65R17, na matairi yote manne yameshakuwa vipara. Siku tano za wiki yuko kwenye lami, Jumamosi anapakia mbolea na kwenda shambani, kilomita 60 za changarawe. Anataka avalishe 285/70R17 ya matope, yale yenye meno makubwa, kwa sababu gari "litasimama", yaani litaonekana refu na la kibabe. Nimemwambia asinunue. Swali hili linarudi sana, kwa hiyo nalijibu hapa kwa urefu.

Tuanze na hesabu. 265 ni upana wa tairi kwa milimita, 65 ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani milimita 172, na 17 ni inchi za rimu. Ukijumlisha, tairi zima lina kipenyo cha milimita 776 hivi. Lile la 285/70R17 linafika 831, ongezeko la asilimia 7. Spidimita ikisoma 100, wewe unakwenda 107. Gari linakuwa zito kuondoka, mafuta yanapanda, breki zinafanya kazi zaidi, na ukikata kona huku gurudumu limepanda jiwe, kashata, yaani meno ya tairi, zinasugua plastiki ya ndani ya bawa. Kwa pikapu ambayo haijanyanyuliwa, usivuke 265/70R17. Hilo lina milimita 803, ongezeko la asilimia 3 na nusu tu.

Halafu kuna lami yenyewe. Meno ya tairi la matope yameachana sana, kwa hiyo mpira unaogusa lami ni kidogo. Mvua ikinyesha, breki inachelewa. Mtu anayeishi kwenye lami siku tano kati ya saba anahitaji A/T (all-terrain), tairi la lami na vumbi kwa pamoja.

Ila neno A/T peke yake halitoshi, na hapa ndipo watu wengi wanapotupa hela. Matairi mengi yanayokuja na gari jipya yameandikwa A/T, lakini mwili wake umejengwa kama wa tairi la gari dogo. Chuchumaa usome ubavuni. Ukikuta 265/65R17 112T, hiyo 112 ina maana tairi moja linabeba hadi kilo 1,120, na T ni mwendo wa juu wa kilomita 190 kwa saa. Ukikuta LT (light truck) mbele ya namba, na mwishoni 120/117S, hilo ni tairi la mzigo: kilo 1,400 likiwa moja, kilo 1,285 likifungwa pacha, yaani mawili upande mmoja, na S ni kilomita 180.

Utaniambia kwamba kilo 1,120 mara mbili zinatosha kabisa ekseli ya nyuma ya Hilux. Kwa karatasi, ndiyo. Lakini kinachoua matairi kwenye changarawe ni jiwe lenye ncha. Barabara ya Mto wa Mbu kwenda Ziwa Natron, au yale mawe ya volkano karibu na Ziwa Turkana upande wa Loiyangalani, hayakusubiri upakie. Yanachana ubavu, na ubavu ukishachanika fundi pancha hana dawa. Tobo la msumari kwenye kashata linazibwa kwa kiraka chenye umbo la uyoga, mradi lisizidi milimita 6. La ubavuni, tairi limekwisha. LT lina mwili mnene zaidi, na mengine yana tabaka tatu ubavuni. Gharama yake ni uzito wa kilo kadhaa kila gurudumu na mtikiso zaidi gari likiwa tupu. Kwa mtu wa shamba, naona ni bei ya haki.

Nisikudanganye: hakuna A/T inayoshinda udongo mweusi wa mbuga masika yakikolea. Kashata zinajaa tope mzunguko wa kwanza tu, na tairi linakuwa kama chupa. Kama shamba lako liko kwenye udongo huo, hapo nakubali tairi la matope, au subiri njia ikauke.

Ukinunua, nunua matano yanayofanana. Pikapu nyingi za 4x4 hazina difu ya katikati, ile inayoruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo ukiingiza 4H (magurudumu yote manne yakivuta) mbele na nyuma vinazunguka sawasawa. Mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma yana vipenyo tofauti, na tofauti hiyo inakwenda kukaza transfa (gia inayogawa nguvu mbele na nyuma) na shafti, hasa kwenye ardhi ngumu. Spea nayo ni hivyo hivyo. Kila kilomita 10,000 yazungushe, spea ikiwemo, yachakae pamoja.

Dukani, tafuta neno DOT ubavuni na usome tarakimu nne za mwisho. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine tarakimu hizo ziko upande mmoja tu, kwa hiyo ligeuze tairi. Pinda kashata kwa dole gumba: ukiona mipasuko myembamba kama nywele chini ya mifereji, liache, hata kama halijawahi kufungwa.

Upepo ndio unaoamua kama pesa yako itadumu. Kibandiko cha mlangoni kimeandikwa kwa tairi la kiwandani. LT linahitaji zaidi ili libebe uzito uleule, kwa kawaida PSI 5 au zaidi. Pima asubuhi tairi likiwa baridi, kisha pima tena baada ya saa moja ya lami. Likipanda zaidi ya PSI 6, ulianza na upepo mdogo, ongeza. Tairi lenye upepo mdogo linajikunja, linapata joto, na kwenye mwendo kashata zinabanduka zote kama ganda. Kwenye changarawe mbovu, na mzigo si mkubwa, shusha hadi 28 na uende kilomita 60 kwa saa, maana tairi laini hulikumbatia jiwe badala ya kuligonga. Mchanga mzito, 18. Ukirudi lami jaza kabla hujaongeza mwendo, hivyo pampu ndogo ya betri na geji yako mwenyewe ni sehemu ya bajeti ya matairi.

Siku ya kufunga, dai nozeli mpya, balansi na alaimenti. Paka mate kwenye mdomo wa nozeli kabla hujaondoka. Povu likitokea, inavuja. Baada ya kilomita 100 simama ukaze nati zote tena, kwa mtindo wa nyota, yaani ukirukia ya upande wa pili badala ya kufuata mzunguko.