Jibu: Dawa ilifanya kazi, mbona uvimbe umeanza kukua tena?

Pole sana, dada. Umeuliza kama daktari alikosea kumpa mama gefitinib, dawa ya saratani ya mapafu, maana uvimbe wa pafu ulinywea kwa miezi kisha ukaanza kukua tena. Sidhani. Ndivyo ugonjwa huu unavyokwenda.

Seli za uvimbe zina asili moja, ila kadiri zinavyogawanyika makosa mapya huingia kwenye jeni na koo tofauti za seli huchipuka. Utafiti wa TRACERx wa Uingereza ulichunguza sehemu mbalimbali za vimbe za wagonjwa 100 wa kwanza. Matokeo ya 2017 yalionyesha badiliko la EGFR (jeni inayoziamuru seli zikue) karibu kila mara lilikuwepo tangu mwanzo, huku mengine yakiwa upande mmoja tu wa uvimbe. Gefitinib huua seli zinazoitegemea EGFR. Zile sugu hubaki na kuzaana.

Kwa takriban nusu ya wagonjwa, usugu huo hutokana na badiliko jingine kwenye jeni hiyo hiyo ya EGFR, liitwalo T790M. Likipatikana, ipo dawa nyingine, osimertinib. Ombeni kipimo cha damu cha kulitafuta, lakini kisipoonyesha kitu msiishie hapo: kipimo cha kinyama kilichokatwa kwenye uvimbe bado kinahitajika, kwani mara chache saratani hugeuka kuwa ya seli ndogo, aina nyingine ya saratani ya mapafu, na hiyo hutibiwa kwa dawa tofauti kabisa.